Baada ya Kupungua: Jinsi ya Kuulinda Uzito Ulioufikia

Utangulizi

Wengi wanaoanza kupunguza uzito huwa na siku wanayoilenga: harusi ya ndugu, sikukuu, au siku ya kliniki ambayo daktari amesema atawapima tena. Siku hiyo ikifika na mizani ikaonyesha namba waliyoitaka, huona kazi imekwisha. Chakula cha zamani hurejea mezani, matembezi ya asubuhi huachwa, na baada ya miezi kadhaa nguo zilizokuwa zimepwaya huanza kubana. Hapo ndipo mlaji hurudi dukani kununua tena chai, vidonge au unga aliokwisha kuununua mara ya kwanza, akiamini kwamba kosa ni lake na si la ahadi aliyouziwa.

Makala hii inamhusu mlaji aliyefikia hatua hiyo, au anayekaribia kuifikia. Hatutaeleza jinsi ya kupunguza uzito, kwa kuwa hilo limekwisha kuandikwa mara nyingi. Hoja yetu ni moja: kuulinda uzito ni kazi nyingine, yenye kanuni zake. Kazi hiyo haina siku ya mwisho, wala haiuzwi katika chupa au pakiti. Mlaji anayelijua jambo hili mapema huokoa afya yake pamoja na fedha zake.

Kwa nini kulinda ni muhimu kuliko kupungua

Faida za kupungua hudumu kadiri uzito unavyodumu. Mfano mzuri unatoka Uingereza, katika utafiti ulioitwa DiRECT, uliowahusisha watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu ya watu hao walisaidiwa kupunguza uzito kwa mpango maalumu wa lishe. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliosaidiwa walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila kutumia dawa zake. Baada ya miaka miwili kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 36. Hata hivyo, miongoni mwa wale ambao hadi wakati huo walikuwa bado wamepungua zaidi ya kilo 10, asilimia 64 waliendelea kuwa na nafuu.

Maana yake ni kwamba nafuu iliufuata uzito. Uzito uliporudi, mara nyingi ugonjwa nao ulirudi. Kwa hiyo swali la msingi ambalo mlaji anapaswa kujiuliza si kilo ngapi ameondoa, bali ni kilo ngapi kati ya hizo bado ziko nje mwaka mmoja au miwili baadaye.

Kwa nini mwili hudai uzito uliopotea

Watu wengi wanaorudisha uzito hulaumiwa kwa uvivu na ulafi. Lawama hiyo haina haki. Mwili wa binadamu umejengwa kujikinga na njaa, nao hauwezi kutofautisha njaa ya ukame na njaa ya mtu aliyeamua mwenyewe kujinyima. Akiba ya mafuta inapopungua, mwili huchukua hatua tatu.

Kwanza, huongeza hamu ya kula. Mafuta yanapopungua mwilini, hupungua pia homoni iitwayo leptini, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Wakati huohuo homoni iitwayo grelini, inayochochea njaa, huongezeka. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwachukua watu 50 na kuwapa lishe yenye nishati kidogo sana kwa wiki 10. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarejea hali ya awali. Njaa anayoihisi mtu aliyepungua ni ya kweli, wala si dhana yake.

Pili, mwili hubana matumizi ya nishati. Nchini Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito yaitwayo The Biggest Loser. Watafiti waliwafuatilia washiriki 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Katika wiki 30 za mashindano, washiriki hao walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41. Isitoshe, miili yao ilipokuwa imepumzika ilitumia takriban kilokalori 500 kwa siku chini ya kiwango kilichotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Hao walipungua kwa kasi na kwa kiasi kikubwa mno, hivyo mlaji wa kawaida asiichukue namba hiyo kuwa yake. Lakini mwelekeo ni huohuo: mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani.

Tatu, mwili mdogo una mzigo mdogo wa kubeba. Aliyekuwa na kilo 80 akafikia kilo 70 ni kama mtu aliyetua ndoo ya maji ya lita 10 aliyokuwa akiibeba mchana kutwa. Kila hatua anayotembea sasa inamgharimu nguvu kidogo zaidi.

Tuongeze tahadhari moja. Mtu anayemaliza kipindi cha kujinyima na kuanza kula wanga wa kawaida anaweza kuona mizani imepanda kilo moja au mbili katika siku chache. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji, si mafuta. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini pamoja na maji, na kila gramu ya wanga huo huambatana na takriban gramu 3 za maji. Maji hayohayo ndiyo yaliyotoka katika wiki ya kwanza ya kupungua, ile wiki ambayo matangazo mengi huitumia kama ushahidi. Asihamaki, wala asianze upya kujinyima. Asubiri wiki mbili, kisha apime tena.

Hesabu ya chakula cha kulinda uzito

Tuchukulie mfano wa mama mwenye umri wa miaka 40 na urefu wa sentimita 160, anayefanya kazi za kawaida za nyumbani na kutembea kiasi. Tukitumia kanuni ambayo wataalamu wengi wa lishe huitumia kukadiria mahitaji ya nishati, hesabu yake inakuwa hivi:

Alipokuwa na kilo 80, alihitaji takriban kilokalori 2,160 kwa siku ili asiongezeke wala kupungua.

Alipofikia kilo 70, anahitaji takriban kilokalori 2,010 kwa siku.

Alipokuwa akipungua, alikula takriban kilokalori 1,500 kwa siku.

Namba hizi tatu zinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mama huyu hawezi kurudia chakula chake cha zamani. Tofauti kati ya mahitaji ya zamani na ya sasa ni kilokalori 150, bila kuhesabu hatua nyingine za mwili tulizozitaja. Kiasi hicho ni sawa na soda moja ya mililita 350 yenye gramu 37 hivi za sukari. Kinaonekana kidogo, lakini kikizidi kila siku, uzito hurudi polepole bila mtu kukumbuka ni siku gani aliyokula kupita kiasi.

La pili ni kwamba mama huyu hana sababu ya kuendelea kula kilokalori 1,500 maisha yake yote. Anayejaribu kufanya hivyo huchoka, na akichoka huacha yote kwa siku moja. Inampasa apande ngazi taratibu. Tunashauri aongeze takriban kilokalori 100 kwa siku, akae hapo wiki moja au mbili, apime uzito, kisha aongeze tena. Mizani itakapoacha kushuka na kutulia mahali pamoja, hapo ndipo kipimo chake kilipo. Hesabu ya karatasini ni makisio ya kuanzia tu. Mizani ndiyo inayotoa jibu.

Kilokalori 100 zinapatikana katika ndizi mbivu moja ya wastani, au nusu kikombe cha maharage ya kuchemsha, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa kinachotosha kiganjani. Zinapatikana pia katika kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ambacho hakikujaa, au vijiko 6 vya chai vya sukari. Kwa nishati ile ile, maharage hushibisha kwa muda mrefu, ilhali mafuta na sukari havionekani hata sahanini. Kwa sababu hiyo nyongeza ianze na maharage, kunde, samaki, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda.

Chai ya sukari inastahili kutajwa peke yake. Anayekunywa vikombe 4 kwa siku na kutia vijiko 3 vya chai katika kila kikombe anatumia vijiko 12, yaani takriban gramu 48 za sukari, au kilokalori 190. Kiasi hicho kinapita tofauti yote ya kilokalori 150 tuliyoieleza. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifikie asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50. Mnywaji wetu amekaribia kuzimaliza kwa chai tu, kabla hajagusa soda, juisi ya pakiti wala biskuti.

Mizani na mipaka mitatu

Uzito wa mtu hupanda na kushuka kila siku kwa sababu ya maji, chumvi, choo na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi. Kwa hiyo kulinda uzito si kuishikilia namba moja, bali ni kukaa ndani ya mipaka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliowahusisha watu 314 waliokwisha kupungua, uliwafundisha washiriki kutumia rangi za taa za barabarani. Wale waliofundishwa ana kwa ana walirudisha, baada ya miezi 18, takriban nusu tu ya uzito uliorudishwa na wale waliopewa vijarida peke yake. Nasi tunaona utaratibu huo unafaa kwa mlaji yeyote mwenye mizani, kwa mipaka rahisi ifuatayo:

Kijani: uzito haujazidi kilo 1.5 juu ya ule ulioufikia. Endelea na utaratibu wako. Usijinyime zaidi.

Njano: uzito umezidi kati ya kilo 1.5 na kilo 2.5. Tafuta kilichobadilika katika wiki mbili zilizopita: safari, wageni, usingizi mdogo, matembezi yaliyoachwa. Rekebisha jambo hilo moja.

Nyekundu: uzito umezidi zaidi ya kilo 2.5. Rudia kwa muda utaratibu uliokupunguza, ukiwa na lengo la kurudi kwenye kijani, kisha uache.

Nguvu ya utaratibu huu iko katika kuwahi. Kilo mbili na nusu hurekebishwa kwa wiki chache. Kilo kumi huhitaji kuanza safari upya, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu iliyonyooka. Tumia mizani moja. Ukipima leo kwa mizani ya kijana wa stendi na wiki ijayo kwa mizani ya zahanati, unaweza kuwa unapima tofauti ya mizani, si tofauti ya mwili wako.

Mizani ya nyumbani inaweza kukaguliwa kwa maji, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Panda juu ya mizani ukiwa umeshika ndoo tupu na uandike namba. Kisha tia katika ndoo hiyo lita 10 zilizopimwa kwa chupa ya lita moja, upande tena. Namba iongezeke kwa kilo 10. Ikiongezeka kwa kilo 8 au 12, mizani hiyo haifai.

Asiye na mizani atumie utepe wa fundi cherehani, apime kiuno kila baada ya wiki mbili, au achague suruali au sketi moja isiyovutika na kuijaribu kila mwezi. Kanga na dera havifai kwa kazi hii, kwa kuwa humpokea kila mtu kwa ukarimu ule ule.

Mazoea ya waliofanikiwa

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walianzisha daftari la kitaifa la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kuulinda uzito huo kwa mwaka mmoja au zaidi. Walipungua kwa njia mbalimbali, lakini mazoea yao ya kulinda yalifanana. Asilimia 90 walifanya mazoezi ya mwili kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi lililotajwa zaidi lilikuwa kutembea. Asilimia 78 walikula kifungua kinywa kila siku. Asilimia 75 walijipima angalau mara moja kwa wiki. Asilimia 62 walitazama televisheni kwa chini ya saa 10 kwa wiki.

Daftari hilo linaonyesha wanavyoishi waliofanikiwa. Halithibitishi kwamba kila zoea, kama vile kifungua kinywa, ndilo lililowalinda. Hata hivyo, linatufundisha kwamba mazoezi, ambayo hayatoshi yenyewe kumpunguza mtu, yana nafasi kubwa katika kulinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye shughuli za nguvu za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili. Kulima, kuchota maji, kufua kwa mikono na kwenda sokoni kwa miguu vyote vinahesabika. Anayefanya kazi ya kukaa ofisini au dukani itampasa azitafute dakika hizo kwa makusudi, kwa mfano kwa kushuka kituo kimoja kabla ya anapokwenda.

Bidhaa zinazomsubiri anayerudi

Mtu ambaye uzito umeanza kumrudia huwa na hofu, na hofu ni mnunuzi mbaya. Katika kusimamia bidhaa zinazouzwa kwa walaji, ahadi tunazoziona mara kwa mara ni "matokeo siku saba", "bila diet wala mazoezi" na "hairudi tena". Ahadi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na baada ya kusoma maelezo ya mwili yaliyotangulia, mlaji anaweza kuona kwamba hakuna chai wala kidonge kinachoweza kuitimiza baada ya kuachwa.

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi katika utumbo mpana, ilhali nishati ya chakula imekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi, ikiwamo potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Mizani hushuka leo na kupanda kesho mtu akinywa maji.

Hatari kubwa zaidi ni bidhaa zinazoitwa za asili huku zimechanganywa dawa kwa siri. Dawa iliyogunduliwa mara nyingi katika bidhaa za namna hiyo duniani ni sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mlaji mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kuinywa bila kujua, kwa kuwa haiandikwi kwenye lebo. Ukiona "mitishamba" inakukata njaa ghafla, inakukosesha usingizi na kukupandisha mapigo ya moyo, acha kuitumia na uende kituo cha afya na pakiti yake.

Zipo pia sindano za semaglutaidi, ambazo ni dawa halali zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Dawa hizi hufanya kazi, lakini nazo hazifuti kazi ya kulinda. Katika utafiti mmoja mkubwa, watu walioacha sindano hizo walikuwa wamerudisha, baada ya mwaka mmoja, takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza. Anayefikiria kuzitumia amuulize daktari mapema atazitumia kwa muda gani, kwa gharama gani, na mpango ni upi atakapoziacha. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Usinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni, wala dawa iliyokwisha kuvutwa ndani ya bomba, wala isiyo na boksi, namba ya toleo na maelekezo.

Kabla ya kulipia bidhaa yoyote ya uzito, muulize muuzaji maswali manne. Nini kitatokea nikiacha kuitumia? Imesajiliwa na mamlaka husika, na kwa namba gani? Viambato vyote vimeandikwa? Picha hizi za kabla na baada zilipigwa lini, na mtu huyu ana uzito gani leo? Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Lebo inavyosomwa na anayelinda uzito

Neno "haina mafuta" halimaanishi kwamba chakula hakina nishati, kwa kuwa mafuta yaliyoondolewa huweza kufidiwa kwa sukari. Kwa viwango vya kimataifa vya vyakula, "mafuta kidogo" humaanisha kwamba mafuta hayazidi gramu 3 katika gramu 100 za chakula kisicho cha maji, na "haina sukari" humaanisha kwamba sukari haizidi gramu 0.5 katika gramu 100. Anza na mstari wa nishati. Kama umeandikwa kwa kilojuli, gawanya kwa 4.2 upate kilokalori. Kisha angalia kama namba hiyo ni ya gramu 100, ya mgao mmoja, au ya pakiti nzima. Mwisho soma orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, unajua unachonunua.

Maneno ya watu na siku za karamu

Katika jamii zetu kunenepa bado huonekana ni dalili ya neema, na kukonda huzua maswali. Aliyepungua kwa makusudi huulizwa kama anaumwa, au huambiwa nyumba yake haina amani. Wapo waliorudisha uzito ili kunyamazisha maneno hayo. Tunashauri familia ielezwe mapema sababu ya kupungua, hasa yule anayepika, kwa kuwa kulinda uzito ni vigumu kwa mtu anayekula chungu kimoja na wengine wasiojua anachokifanya.

Harusi, Idi, Krismasi na msiba si adui. Mlo mmoja wa pilau haurudishi uzito. Hatari ni mlo huo kugeuka wiki, na wiki kugeuka mwezi. Wakati wa Ramadhani pia, mfungo peke yake haulindi uzito kama futari imejaa vyakula vya kukaangwa na vinywaji vya sukari. Siku inayofuata sherehe rudi kwenye utaratibu wako bila kujiadhibu, na siku yako ya kupima ikifika, pima.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Nenda kituo cha afya kama unapungua bila kukusudia, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kiu kali au kukojoa mara kwa mara. Nenda pia kama umepungua huku ukitumia dawa za kisukari au shinikizo la damu, kwa kuwa dozi iliyoufaa mwili wa kilo 90 inaweza kuwa kubwa kwa mwili wa kilo 75. Usiipunguze mwenyewe. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wazee dhaifu wasifuate hesabu za makala hii bila ushauri. Anayejitapisha, au ambaye fikra za chakula na mizani zimemtawala kutwa nzima, naye anahitaji msaada, hata kama uzito wake unaonekana mzuri.

Maswali ya kujipima

1. Uzito wako wa kulinda ni kilo ngapi, na mpaka wako wa njano na wa nyekundu ni upi? Uandike mahali utakapouona.

2. Je, ni chakula au kinywaji gani kimoja cha zamani kilichokuwa kikikuletea kilokalori 150 au zaidi kwa siku? Utakibadilisha na nini?

3. Dakika zako za kutembea kwa wiki ni ngapi? Zikipungua wakati wa mvua, utafanya nini badala yake?

4. Umetumia kiasi gani cha fedha kwa bidhaa za kupunguza uzito katika mwaka uliopita, na ni kilo ngapi kati ya ulizopunguza bado ziko nje?

Jibu la swali la nne ni la mlaji mwenyewe, na mara nyingi humwamulia kama anunue tena au la. Kwa yule ambaye bidhaa imemdhuru au imemdanganya, tunaomba asiitupe. Atunze pakiti, risiti na namba ya toleo, aandike tarehe aliyoanza kuitumia na dalili alizozipata, na avilete katika ofisi yetu iliyo karibu naye. Taarifa ya mlaji mmoja inaweza kumzuia mwingine asiinunue bidhaa hiyo hiyo wiki inayofuata.